Kabla ya draivu, soma kibati cha mota

Swali: Shikamoo fundi. Nina karakana ndogo Ng'ambo, hapa Tabora mjini. Nakereza miguu ya vitanda na nguzo za ngazi kwa mashine niliyoichomelea mwenyewe, ina mota ya fezi moja, hozipawa moja na nusu, na puli za ngazi tatu. Sasa nimepata mteja wa bakuli kubwa za mninga, upana kama sentimita 40. Kila nikifunga gogo mashine inatetemeka mpaka inahama ilipo. Nataka kitu cha kupunguza na kuongeza kasi kwa kuzungusha tu kama voliumu ya redio. Rafiki yangu mmoja anasema nifunge dima ya feni, mwingine anasema ninunue draivu ya kilowati 2.2 aliyoiona mtandaoni. Umeme wangu ni fezi moja. Ninunue ipi?

Marahaba, fundi. Hela iache mfukoni kwanza, hata wiki moja. Rafiki zako wote wawili wamekuchagulia kifaa bila kuuliza mota yako ni ya aina gani, na hapo ndipo hela za mafundi wengi zinapopotelea. Draivu haichaguliwi kwa ukubwa wa mashine wala wa bakuli. Inachaguliwa na kile kibati kidogo kilichopigwa ripiti ubavuni mwa mota, ambacho chako huenda ulishakipaka rangi pamoja na mota yenyewe.

Nianze na dima, maana ndiyo ya bei rahisi na ndiyo itakayokushawishi. Dima inapunguza volti. Mota ya aina yako kasi yake haifuati volti, inafuata Hz, yaani umeme unageuka mara ngapi kwa sekunde, na umeme wetu ni Hz 50 kutwa kucha. Ukipunguza volti, kinachoshuka kwanza ni nguvu ya kuzungusha, tena inashuka kuliko volti zenyewe: volti zikibaki nusu, nguvu inabaki robo. Pangaboi la darini linavumilia kwa sababu likienda polepole halina mzigo wa maana, linapepea hewa tu. Gogo la mninga ukiligusa na patasi halina huruma hiyo. Mota itazidiwa, itanguruma, itachemka, na siku ya tatu utasikia ile harufu ya vanishi iliyoungua ambayo kila msuka mota anaifurahia.

Draivu ni kitu kingine kabisa. Inapokea umeme wa fezi moja, inaugeuza ndani yake kuwa DC, umeme wa namna ya betri, wa volti kama 325, halafu inaukatakata maelfu ya mara kwa sekunde na kuujenga upya kuwa fezi tatu zenye Hz unazozitaka wewe. Ukitaka Hz 18, mota inatambaa. Ukitaka Hz 60, inakimbia kuliko ilivyoandikwa. Madukani utakuta wameiandika VFD, na hapa niseme jambo: ukiingia duka la vifaa vya umeme ukaomba VFD bila maelezo, kuna muuzaji atakayedhani unataka ile ya kutolea risiti za TRA. Imenitokea. Sema draivu ya mota.

Sasa angalia tatizo lilipo. Draivu inatoa fezi tatu. Mota uliyonayo ni ya fezi moja, ina kapasita mgongoni, na kama ni ya zile za kawaida za kuwashia mizigo mizito, ndani ina swichi inayofunguka yenyewe mota ikishika kasi. Ile swichi ndiyo inayoikata koili ya kuanzia. Ukiishusha kasi mota hiyo, kwa njia yoyote ile, swichi inajifunga tena, koili ya kuanzia inarudi kwenye umeme, na koili hiyo ilitengenezwa kufanya kazi kwa sekunde chache tu. Wapo wanaouza draivu za fezi moja kwa fezi moja, zinazofaa feni na pampu ndogo fulani. Kwa mashine ya kukereza sikushauri, hata kama ukipewa bure.

Kwa hiyo unachonunua ni viwili, na cha kwanza ni mota ya fezi tatu. Usiogope maneno fezi tatu ukadhani lazima uende TANESCO kuomba laini nyingine. Fezi tatu itatengenezwa na draivu palepale karakanani, na laini yako ya nyumbani inabaki ilivyo. Habari njema ni kwamba mota ya fezi tatu iliyotumika mara nyingi ni rahisi kuipata na ni ngumu kuiua: haina kapasita, haina swichi ndani, haina brashi za kaboni.

Ila si kila mota ya fezi tatu. Draivu ya kawaida ya kuingiza volti 230 haiwezi kutoa zaidi ya volti 230. Hivyo mota yako lazima iwe inayokubali 230. Kibatini unatafuta maandishi ya namna hii: 230/400 V, na mbele yake alama ya pembetatu na alama ya Y. Nyingine zimeandikwa 220/380, ni kitu kilekile. Maana yake ni kwamba ikifungwa pembetatu inakula 230, ikifungwa Y inakula 400. Ukikuta 400/690, iache hapohapo. Hizo ndizo za mashine za kusaga nafaka, na watu watakuuzia kwa bei ya kirafiki kwa sababu mashine imekufa. Kwa volti 230 mota hiyo itazunguka, ndiyo, lakini ukiiwekea gogo itasimama kama punda aliyechoka.

Fungua kile kiboksi cha waya juu ya mota kabla hujalipa. Ndani unatakiwa kuona skrubu sita, tatu juu na tatu chini, na vipande vitatu vya shaba. Vipande vikiwa vimelala kwa ulalo, vimeunganisha safu moja ya skrubu tatu, mota imefungwa Y. Mota nyingi zinatoka kiwandani hivyo. Wewe unavigeuza visimame wima, kila kimoja kikiunganisha skrubu ya juu na ya chini yake, vitatu sambamba kama nguzo. Hiyo ndiyo pembetatu. Kazi ya dakika tano kwa spana namba nane au kumi, na ni hapa ndipo watu wanapokosea kisha wanasema draivu haina nguvu. Ukikuta waya tatu tu zinatoka badala ya sita, mara nyingi maana yake wamezifunga ndani kwa Y. Msuka mota mzuri anaweza kuzitoa ncha nyingine, lakini hiyo ni gharama, ipunguze kwenye bei.

Ukubwa? Kwa bakuli za sentimita 40 nakushauri kilowati 1.5, ambazo ni hozipawa mbili, ya mizunguko kama 1,420 kwa dakika. Zipo za 2,850, zinaonekana ndogo na nyepesi, zitakushawishi kubeba. Ziache, kwa sababu wewe unahangaika kupunguza kasi na hizo zinaanzia mbali. Chagua iliyofungwa mwili mzima, yenye feni nyuma chini ya kofia ya bati. Zile zenye matundu ubavuni zitameza unga wa mbao mpaka zijae.

Sasa ndiyo draivu. Kwenye kibati utaona ampea mbili, kwa mfano 6.0/3.5. Hiyo kubwa ndiyo ya pembetatu, ndiyo yako. Draivu unayonunua lazima iandikwe kwamba inatoa angalau ampea hizo, na mimi hupenda iwe na ziada kidogo, tuseme 7 au 8. Usiangalie kilowati zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, hasa za mtandaoni; nimeshika draivu imeandikwa 2.2 mbele na ampea zake kwa nyuma ni za 1.5. Ampea hazina maneno mengi. Hakikisha pia imeandikwa kuingiza fezi moja, volti 220 hadi 240. Ya kuingiza volti 380 haitafanya kazi kwako. Itaonyesha kosa la volti ndogo na kukaa kimya.

Kama kuna ya hali ya vekta na nyingine isiyo nayo, na tofauti ya bei si kubwa, chukua ya vekta. Inajua kulisha mota vizuri kwenye kasi ndogo, pale patasi inapogonga pembe za gogo. Utaijaza namba za kibati, kisha unaiamuru iipime mota yenyewe. Inapiga mlio kidogo, inatulia, imemaliza.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi: soketi ya kawaida ya ampea 13 haitatosha. Draivu ya kilowati 1.5 mzigo ukijaa inavuta ampea 14 mpaka 16 kutoka fezi moja, kwa sababu inakunywa umeme kwa mafunda badala ya kuunyonya taratibu. Vuta laini yake kutoka kwenye bodi ya breka, breka ya 20, waya wa milimita 4 kama karakana iko mbali na mita. Usitumie ekstensheni ya kuchajia simu. Na ethi iwe ya kweli, siyo waya wa kijani na njano uliofungwa mahali popote ukaishia hewani. Draivu bila ethi inakupiga shoti za kusisimua kwenye egemeo la patasi, na redio ya jirani itanguruma kila ukiwasha.

Puli zako usizitupe. Hapa ndipo wengi wanaponibishia, wanasema si ndiyo maana tunanunua draivu, ili tusihangaike na mkanda? Sikiliza. Draivu ikishusha Hz, nguvu ya kuzungusha inabaki karibu ileile, haiongezeki. Mota ya kilowati 1.5 kwa Hz 25 ni mota ya kilowati 0.75 tu. Kwa hesabu: mota hiyo inatoa nyutonimita kama 10. Ukiiunganisha moja kwa moja na bakuli la sentimita 40, pembeni ya bakuli una nguvu kama ya kilo tano. Mkono wako ukikandamiza patasi kidogo tu, bakuli linasimama. Ukiweka puli ya sentimita 7.5 kwenye mota na ya 15 kwenye shafti, kasi inagawanywa kwa mbili na ile nguvu inakuwa kilo kumi. Puli inaongeza nguvu. Draivu haiwezi.

Kwa hiyo bakisha ngazi mbili. Ya chini hiyo niliyotaja: kwa Hz 50 shafti inakwenda 710, kwa Hz 18 inakwenda kama 255. Ya juu, puli ya 15 kwenye mota na ya 10 kwenye shafti, inakupa 2,130 kwa Hz 50, inatosha miguu ya vitanda. Mkanda utauhamisha mara moja kwa siku, ukibadilisha aina ya kazi, siyo kila dakika kumi kama sasa. Kupita Hz 50 unaweza, hadi 60 au 70, kwa msasa na kumalizia, lakini ujue nguvu inapungua kadiri unavyopanda. Na chini ya Hz 15 usikereze kazi nzito kwa muda mrefu, kwa sababu feni ya mota iko kwenye shafti yake, nayo inazunguka polepole vilevile. Weka kiganja juu ya mota. Usipoweza kukiacha hapo, pumzisha.

Kasi gani kwa bakuli gani? Wakereza wana kanuni ya zamani: zidisha upana wa kazi kwa mizunguko ya dakika, jibu liwe kati ya 15,000 na 23,000 ukipima kwa sentimita. Kwa 40, hiyo ni kama 375 hadi 575. Hiyo ni kwa kazi iliyokwisha kuwa duara. Gogo lenye pembe, lililokatwa kwa msumeno wa mnyororo, lianze 250 au chini yake. Leo wewe unaliwasha kwa kasi gani? Kama mota yako imefungwa moja kwa moja kwa ngazi ya katikati, kitu kama 1,420, ukingo wa gogo unakwenda karibu kilomita 107 kwa saa. Basi la abiria kikomo chake ni 80. Mashine kuhama ilipo ndiyo ilikuwa inakuambia hivyo.

Lakini nisikudanganye, draivu haiondoi mtetemo wote. Mninga una mti mweupe nje na moyo mwekundu ndani, na kama gogo bado bichi na moyo haupo katikati, upande mmoja ni mzito kuliko mwingine hata likiwa duara kamili. Lifunge kwenye sahani, lile bamba la shafti linaloshika kazi, liache lizunguke lenyewe kwa mkono. Upande unaoishia chini kila mara ndio mzito, upunguze kwa shoka kabla ya kuwasha. Na mashine uliyochomelea, iweke mifuko miwili ya mchanga kwenye chasisi yake. Yangu ina mitatu, na ile ya kwanza imewekwa tangu kabla sijajua draivu ni nini.

Sasa nikuambie kitu kilichonifanya niandike jibu refu namna hii. Draivu yangu ya kwanza niliifunga jioni, nikajaza namba, nikafurahi, nikalala. Siku ya pili nakereza bakuli umeme ukakatika. Nikaacha swichi ya draivu ilivyo, upande wa kuwasha, nikaenda kunywa chai. Niliporudi umeme bado, nikaona nitumie muda huo kupima unene wa ukingo kwa bikari. Nimeinama, mkono wa kushoto umeshika bakuli kwa ndani. Umeme ukarudi. Draivu haikuuliza, iliona swichi imewashwa ikaanza kupandisha kasi. Bikari ilitoka mkononi ikagonga bati la paa, na kucha ya kidole gumba ilikuwa nyeusi kwa miezi miwili. Kwa bahati nilikuwa nimeweka ipande taratibu, sekunde kumi. Ingekuwa sekunde moja nisingekuwa naandika kwa vidole vyote.

Kwa hiyo, kabla ya namba yoyote nyingine, tafuta kwenye kitabu chake mpangilio wa kuzuia kujiwasha umeme ukirudi, na uufunge. Halafu fanya jaribio bila gogo: mota inazunguka, zima breka, subiri taa za draivu zizimike zote, washa breka. Mota isipobaki imesimama, hujamaliza kazi. Weka pia kitufe chekundu cha dharura mahali ambapo goti au nyonga inafika, siyo nyuma ya kichwa cha mashine ambako lazima uupitishe mkono juu ya gogo linalozunguka.

Mpangilio mwingine: kupanda sekunde kumi, kushuka sekunde kumi na tano au zaidi. Bakuli zito likizimwa haraka linageuza mota kuwa jenereta, linarudisha umeme kwenye draivu, nayo inakataa kwa kosa la volti kubwa. Kuna kinzo (rezista) za breki zinazouzwa kwa ajili hiyo, wewe huzihitaji, liache lisimame lenyewe. Isitoshe, sahani iliyofungwa kwa nyuzi za skrubu ikisimamishwa ghafla inajifungua, na bakuli linakufuata. Kwa sababu hiyohiyo usitumie kurudi nyuma mpaka uwe umeweka skrubu ya kuzuia kwenye sahani.

Usiweke swichi kati ya draivu na mota. Kuwasha na kuzima kunafanywa kwa waya ndogo za amri za draivu, siyo kwa kukata zile tatu za mota. Ukizikata mota ikiwa inafanya kazi unaweza kuiua draivu papo hapo. Na ukitaka kuifungua, zima, kisha subiri dakika kumi, kwa sababu kapasita zake zinashikilia zile volti 325 hata kama umeme umekatwa.

Kuhusu vumbi. Draivu ina feni ndogo, na unga wa mninga ni mwembamba kama poda; huo huo unaokuwashia pua utaikaba draivu. Itie kwenye boksi la bati lenye nafasi, angalau mara tatu ya ukubwa wake, na matundu yazibwe kwa sponji ya kuchuja hewa. Matundu ya waya ziba kabisa. Nimefungua boksi moja hapa mjini nikakuta mjusi kafa amekauka juu ya viunganishi, mkia kwenye fezi moja, kichwa kwenye nyingine. Kuna anayeuliza kama mwinuko wa Tabora unaathiri: tuko kama mita 1,200, na draivu nyingi zinaanza kupunguziwa mzigo juu ya mita 1,000, asilimia moja kwa kila mita mia. Ni asilimia mbili, isahau. Radi za masika ndizo za kuogopa. Wingu likikusanyika, zima breka.

Kama hela haifiki, kuna njia moja ninayoiheshimu: mota za servo za cherehani za kiwandani, zile za wati 550 au 750. Zinakuja na kidhibiti chake, zinaingia fezi moja, zinatambaa vizuri. Kwa miguu ya vitanda na bakuli za sentimita 20 zinafanya kazi ya heshima. Kwa 40 hapana, zitachemka. Mota za mashine za mazoezi ya kukimbilia nazo zipo, zina brashi za kaboni, hozipawa zinazoandikwa juu yake ni za matangazo, na nyingine gurudumu lake limefungwa kwa nyuzi za kushoto, ukirudisha nyuma linajifungua. Mimi sizipendi, ila najua mtu anayekereza kwa moja mwaka wa nne sasa.

Mota yako ya zamani usiiuze. Ifunge kwenye jiwe la kunolea. Patasi butu inatetemesha mashine kuliko gogo baya.

Ukishapata mota ya fezi tatu, izungushe shafti kwa mkono usikilize beringi, fungua kiboksi unuse, kisha niandikie namba za kibati kabla ya kununua draivu, hasa ile ya ampea. Kama kimepakwa rangi, tumia tina na kitambaa. Usitumie msasa, utafuta namba pamoja na rangi.